Kama Talanta Ni Zawadi ya Mungu, Mbona Iko na Risiti?

Wasee, leo hakuna vichekesho. Ile video ya konda na shosho itakuja Jumamosi, tulieni.

Jumatano iliyopita nilienda kumchukua mdogo wangu shuleni. Yuko Gredi ya 4 kwenye shule ya msingi ya Kikatoliki hapa Nairobi, ile ile nilisomea mimi. Jina silitaji kwa sababu mathe anaimba kwaya hapo parokiani na nataka aendelee kuimba kwa amani. Nilifika saa nane unusu. Hiyo saa, kila Jumatano, huwa ni ya "masomo maalum": piano, kuogelea, chesi, kodingi, Kifaransa. Walimu wanatoka nje na fulana zao zenye nembo, na kila somo lina bei yake. Kodingi ni 7,000 kwa muhula. Piano ni 6,500. Chesi ndiyo rahisi, 3,000, na hata hiyo si pesa ya mama anayeuza mboga na kulipa karo ya kawaida vipande vipande.

Mdogo wangu alikuwa amebaki darasani na wengine kama ishirini. Wamepewa kazi ya kunakili, mwalimu mmoja amekaa mbele anasahihisha vitabu. Chumba cha piano kiko upande wa pili wa ukuta. Nilisimama dirishani kabla hajaniona, nikamwona anagongagonga dawati na vidole. Nikadhani ni utundu tu. Tukiwa njiani nikamuuliza. Akaniambia, "Nilikuwa nafuata wimbo. Nimeujua wote, imebaki tu piano."

Imebaki tu piano. Manze, nilinyamaza mpaka steji.

Kwa sababu hilo dawati nalijua. Mimi nilikaa hapo miaka mitatu. Wakati wetu ilikuwa inaitwa klabu, na mathe aliwahi kuandika barua kuomba nipunguziwe. Barua ilibidi isainiwe na mwenyekiti wa jumuiya, halafu na Fadha, halafu ipelekwe kwa ofisi. Yaani jumuiya nzima ikajua hatuna pesa, na jibu likawa nafasi zimejaa. Hakuomba tena. Na mimi sikuuliza tena, kwa sababu mtoto wa miaka tisa anajua kusoma uso wa mamake kuliko vile anajua kusoma Kiingereza.

Sasa, kabla mnirukie. Sina vita na mzazi anayelipa. Kama uko na 6,500 na mtoto wako anapenda piano, lipa, tena Mungu akubariki. Na kama shule ingefanya haya mambo Jumamosi, au saa kumi wengine wakiwa wameenda nyumbani, leo ningekuwa nimewapostia konda. Shida yangu ni saa nane. Saa nane ni saa ya shule. Hiyo saa kila mzazi ameshailipia kwenye karo. Shule inachukua saa ya watoto wote, inawauzia wachache, na wale wengine inawatafutia kitu cha kunakili ndiyo wasipige kelele.

Tena hiyo saa iko na wenyewe. Kwenye mtaala wetu, CBC, CBE, iteni vile mnataka, kuna somo la Sanaa Bunifu kuanzia Gredi ya 4 mpaka ya 6. Ndani yake kuna muziki, kuna uchoraji, kuna michezo. Ni somo la kila mtoto, si la anayelipa zaidi. Halafu kabla mtoto hajaingia Gredi ya 10 anaambiwa achague njia, na mojawapo ya zile njia tatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Niambieni, yule aliyekaa miaka yote upande wa pili wa ukuta atachagua nini? Ataambiwa hana kipaji. Na ataamini, kwa sababu hakuna mtu atamwambia kwamba hajawahi kuguzishwa chombo hata siku moja.

Sasa tuongee kuhusu neno talanta, kwa sababu hapo ndipo Sista mkuu alipenda sana. Gwaride la Ijumaa, kila muhula, ule mfano kwenye Mathayo 25. Bwana anasafiri, anawaachia watumishi talanta, mmoja anafukia yake kwa udongo, anaadhibiwa. Nimeusikia huo mfano mpaka ningeweza kuuigiza, na nimewahi kuuigiza, nilikuwa yule wa kufukia. Lakini angalieni vizuri vile hadithi inaanza. Bwana alitoa kwanza. Kila mtumishi alipata kitu mkononi, hata yule aliyepata kidogo, halafu baadaye sana ndiyo hesabu ikaulizwa. Hakuna mahali bwana alisema tuma kwanza kwa Paybill, weka jina la mtoto na gredi.

Na si mimi nimeamka na hii hasira nikaibatiza. Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 795, zinataka malezi yanayomjenga mtoto kikamilifu, ili vipawa vyake vya mwili, vya maadili na vya akili vikue pamoja. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu, la 1965, linataka shule za Kikatoliki ziwajali hasa walio maskini. Picha ya Don Bosco iko kwenye korido ya hiyo shule, karibu na ofisi ya kulipa. Huyo ni mtu ambaye akiwa mtoto alijifunza sarakasi ndiyo awavute wenzake, na baadaye kule Turin akakusanya vijana wa mtaani kwa michezo na muziki. Wanampita kila siku wakienda kuchukua risiti.

Najua jibu litakuwa gani. "Mwalimu wa nje lazima alipwe." Ni kweli, alipwe, na alipwe vizuri. Tupige hesabu basi. Watoto 18 wako piano, 6,500 kila mmoja, hiyo ni 117,000 kwa muhula kwa alasiri moja ya wiki. Gredi ya 4 hadi ya 6 pale iko na watoto karibu 240, madarasa sita. Tuseme ili kila darasa lipate kipindi kimoja kwa wiki, mwalimu aje mara tatu ya sasa, gharama ipande mara tatu. Ni 351,000. Gawanya kwa 240, unapata kama 1,460 kwa mtoto. Sisemi ni pesa kidogo. Kuna nyumba 1,460 ni wiki nzima ya chakula. Lakini mathe ametumia zaidi ya hiyo kuchapisha makaratasi ya miradi ya shule pale saiba, na hakuna mtu alimtaka barua ya Fadha.

Na vyombo? Kibodi ya kanisa iko hatua mia moja kutoka darasani, imefunikwa kitambaa Jumatatu mpaka Ijumaa. Anayeipiga Jumapili anaishi mtaani kwetu.

Mkisema haiwezekani, nendeni Korogocho. Ghetto Classics ilianza 2008, kwenye kiwanja cha kanisa Katoliki la St. John's, na jalala la Dandora likiwa hapo karibu tu. Watoto wa pale wanapiga fidla na tarumbeta. Sasa kama uwanja wa parokia kule Koch uliweza kubeba okestra, shule yenye bwawa la kukodi na mabasi mawili inashindwa aje na piano ya Gredi ya 4?

Kuna msee ataandika, "Wewe uliacha chuo, unatufundisha nini kuhusu elimu?" Niliacha, ndiyo, mwaka wa pili, karo ilikataa. Saa hii nakula kwa kuhariri video na sauti, na kila kitu ninachojua kuhusu mdundo nilijifunza nikiwa na miaka 19 kwa simu iliyopasuka kioo. Nilikuwa nashindana na watu walioanza wakiwa na tisa. Wengine wao nawajua kwa majina, walikuwa upande wa pili wa ule ukuta. Si wabaya, na wengine hunipatia kazi. Lakini hiyo miaka kumi sikuipoteza kwa uvivu.

Mkutano wa wazazi ni Ijumaa wiki ijayo, saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi wa parokia. Nataka kuuliza mbele ya watu wote kwa nini saa nane ya Jumatano inauzwa, na nani alipitisha. Mathe ameniambia nisiende kumwaibisha. Nimemwambia nitavaa vizuri na nitamwita Sista kwa heshima. Mdogo wangu ameniuliza kama nitakumbuka kuuliza kuhusu ile kibodi.

Nimeiandika mkononi.