Nani Awe Mkuu wa Nyumba ya Vijana?

Ukiwekwa katika halmashauri ya kumchagua mkuu wa nyumba ya vijana huku Tarime au Serengeti, usianze na vyeti. Anza na mwezi wa Desemba, shule zikiisha kufungwa, nao wasichana wakikimbia kukeketwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria haifungui mlango usiku. Watu ndio wanaofungua, kama walivyofanya Masanga na Mugumu.

Basi mwulize anayeomba kazi: Baba akija langoni kumdai binti yake, utamwambia nini? Anayejua kumfukuza tu hafai, maana huenda siku moja binti atarudi kwa baba huyo. Anayemtoa binti upesi ili pawe na amani, huyo hafai kabisa. Mtafute ajuaye njia ya polisi na ya ustawi wa jamii, kisha aweza kuketi na wazee wa mila bila hofu. Tena awaonyeshe daftari la fedha pasipo kudaiwa.

Na kama ni mtoto wa ndugu yako? Toka nje wenzako wapige kura. Wasichana wale hawana ndugu kikaoni ila ninyi.