MAARIFA YA NYUMBANI: Kamera Kuukuu Iingiapo Majini

Kila kifaa cha umeme kina mwili na kina akili. Wakazi wa Masoro, ambao kila siku hupita kando ya viwanda vya Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Kiwanda cha simu za Mara kilipozinduliwa katika eneo hilo mnamo Oktoba 2019, kazi yake haikuwa kuunganisha vioo na nyaya peke yake. Simu huwa kitu kifu mpaka itiwe programu ya kuiamrisha. Programu ile ikaayo ndani ya kifaa na kukiongoza tangu kinapowashwa huitwa programu dhibiti, na hata kamera ndogo ya mfukoni inayo.

Katika nyumba za askari wengi imo kamera ya namna hiyo. Ilinunuliwa kabla ya simu kuchukua kazi yake, ikapiga picha za harusi na za gwaride, na sasa imelala katika mtoto wa meza. Je, yaweza kupewa kazi mpya ya kupiga picha chini ya maji, bila ya kugusa akiba ya familia iliyowekwa Zigama? Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti.

Maji hunyang'anya nini

Kwanza, maji hunyang'anya rangi. Mwanga wa jua ukizama, rangi nyekundu ndiyo inayokufa mbele. Katika kina cha mita 5 tu sehemu kubwa ya wekundu imekwisha kumezwa. Rangi ya chungwa hufuata, kisha manjano, hata kila kitu kikaonekana kijani au buluu. Pili, mwanga wenyewe hupungua. Tatu, maji yana chembe zinazoelea. Mwanga wa flashi iliyo karibu na lenzi huzipiga chembe hizo zikang'aa, mithili ya vumbi katika mwali wa jua upenyao dirishani. Aidha, maji hupinda mwanga, na kitu huonekana kiko karibu zaidi kwa kiasi cha robo ya umbali wake wa kweli.

Kamera ndogo, iliyofundishwa kupiga picha nchi kavu, hubabaika mbele ya mambo haya. Hukisia rangi na kukosea, kisha huitengeneza picha kwa makosa yale yale na kutupa habari iliyobaki.

Programu ya nyongeza

Katika miaka ya 2006 na 2007 wataalamu wa kujitolea walianza kutengeneza programu ya nyongeza kwa kamera ndogo za Canon PowerShot, iitwayo CHDK. Hutolewa bure. Kampuni yenyewe haikuitengeneza wala haiidhinishi, kwa hiyo atakayeitumia asitegemee dhamana ya dukani.

Jambo la kutuliza moyo ni kwamba programu hii haiandikwi juu ya ile ya kiwandani. Hukaa katika kadi ya kumbukumbu. Kadi huwekwa kamerani kile kitufe chake kidogo cha pembeni kikiwa kimesukumwa upande wa kufunga, na kamera huisoma inapowashwa. Ukikirudisha kitufe, au ukiitoa kadi, kamera huamka kama ilivyotoka kiwandani.

Kubwa inaloongeza ni uwezo wa kuhifadhi picha ghafi. Picha ya kawaida ni chakula kilichokwisha kupikwa ndani ya kamera, nayo picha ghafi ni unga wenyewe. Ugali ukishasongwa haurudi kuwa unga. Kadhalika picha iliyokwisha kupikwa kwa rangi mbaya ni shida kuitengeneza. Picha ghafi huachiwa mwenyewe aipike nyumbani kwa kompyuta, apunguze ubuluu na kuurudisha wekundu uliosalia.

Kamera za Canon G6 ya mwaka 2004 na G9 ya mwaka 2007 zilikuwa na uwezo huo, lakini G7 iliyotoka kati yake, mwaka 2006, ilitolewa bila huo. CHDK ilipotiwa katika G7, picha ghafi zikapatikana. Uwezo ulikuwamo, mlango ndio uliokuwa umefungwa. Hali kadhalika D10 ya mwaka 2009, iliyotengenezwa kustahimili maji hadi mita 10, haikumpa mwenyewe hiari kamili ya kuchagua kasi ya kupiga picha. CHDK humpa.

Walakini ieleweke vizuri: programu haiumbi mwanga usiokuwapo. Wekundu uliomezwa wote na maji haurudishwi na kompyuta yoyote. Dawa ya kwanza ya picha ya majini ni kusogea karibu, tena jua likiwa juu.

Kamera izame peke yake

Faida iliyo kubwa kwa wasomaji wetu ni nyingine. CHDK huiwezesha kamera kufuata maagizo yaliyoandikwa mapema, kwa mfano kupiga picha moja kila baada ya sekunde 10. Kwa nusu saa hizo ni picha 180, wala hapana mkono wa mtu ulioigusa.

Fikiria familia au ushirika wenye vizimba vya kufugia tilapia katika ziwa Muhazi au Kivu. Wavu ukishukiwa kuchanika, desturi ni kijana kuvuta pumzi na kuzama akapapase. Huo ndio mwanzo wa misiba mingi, maana miguu hunaswa na nyavu. Kamera iliyofungwa katika kasha la kuzuia maji, ikatiwa uzito na kuteremshwa kwa kamba yenye fundo kila mita moja, yaweza kuukagua wavu ule, au tumbo la mashua, huku watu wote wakiwa wamekaa salama juu. Ikipotea, imepotea kamera.

Kuzama kwenyewe ni kazi ya waliofunzwa. Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mzamiaji atumiaye mitungi ya hewa katika mwinuko kama huo hawezi kufuata majedwali ya pwani bila kuyarekebisha. Kikosi cha majini cha Polisi kina wataalamu wake; raia asijaribu kwa sababu tu amepata kamera.

Utaratibu wa kufuata

1. Tambua aina ya kamera na namba ya toleo la programu yake ya kiwandani. Kwa aina nyingi, faili tupu liitwalo ver.req likiwekwa katika kadi, kamera huonyesha namba hiyo. Chukua CHDK ya toleo hilo hasa. Ya jirani yake haifai.

2. Tumia kadi ndogo, kama ya gigabaiti 2. Kamera za zamani husumbuka kuanza kwa kadi kubwa.

3. Panga kila kitu nchi kavu. Vitufe vya kasha havifikii kila kitufe cha kamera, na vidole majini si vyepesi.

4. Lijaribu kasha likiwa tupu. Weka karatasi ya chooni ndani, lifunge, ulizamishe katika beseni kwa nusu saa ukilikandamiza kwa jiwe. Karatasi ikilowa, usilitumie. Mpira wa duara unaozuia maji usiwe na unywele wala chembe ya mchanga, na upakwe mafuta yake maalumu kidogo tu.

5. Beseni halina mgandamizo wa ziwa. Katika mita 10 mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu ya maji. Kwa hiyo teremsha kasha tupu ziwani kwanza. Na kamera iliyouzwa kuwa haiingii maji, ikishapita miaka kumi na zaidi, isiaminiwe bila kasha, kwani mipira huzeeka.

6. Ukitoka baharini, loweka kasha katika maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kulifungua.

Kamera ya nyumbani na ya kazini

Neno la mwisho lawahusu askari wenyewe. Yote tuliyoyaeleza ni kwa kamera iliyo mali yako. Kamera ya kikosi ni mali ya umma, na programu isiyoidhinishwa haitiwi humo hata kama huondoka kwa kutoa kadi. Picha ya ushahidi yaweza kumtia mtu gerezani au kumwachilia huru. Wakili akiuliza mbele ya hakimu ni programu gani iliyoiandika picha ile, na nani aliyeiweka, jibu la "niliipata bure nikaijaribu" litauangusha ushahidi ambao wenzako wameutafuta kwa jasho. Anayeona kuwa programu hiyo ingeifaa kazi na amweleze mkuu wake kwa maandishi, kisha angoje.

Nyumbani, hata hivyo, uhuru ni wako. Itoe kamera ile mezani, isafishe, waite watoto, jazeni beseni. Kijana atakayejifunza leo kuamrisha kamera kuukuu kwa mistari michache ya maagizo, kesho hatakiogopa kifaa chochote kitokacho katika viwanda vya Masoro.