Mtoto Afundishwe kwa Lugha Gani?

Wazazi wengi wa Kenya huona fahari mtoto wao mdogo akirudi kutoka shuleni huku akiimba kwa Kiingereza. Fahari hiyo si ya bure. Barua ya kuomba kazi huandikwa kwa Kiingereza, na mitihani mikubwa hufanywa kwa lugha hiyo hiyo. Walakini yafaa mzazi amwulize mtoto maana ya wimbo wenyewe. Mara nyingi hajui.

Historia ya jambo hili ni ya ajabu kidogo. Mnamo mwaka 1957 ulianzishwa mjini Nairobi mpango wa kufundisha masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ulianzia katika shule za watoto wa Kihindi, ambao nyumbani walisema Kigujarati, Kipunjabi na lugha nyinginezo, hata haikuwa rahisi kuchagua moja. Huko dawa iliupata ugonjwa wake. Kisha ikapelekwa hata vijijini, ambako darasa zima husema Kikamba kitupu au Kiluo kitupu, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaikubali. Mwaka 1976 Tume ya Gachathi ilishauri kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali shule ilipo. Shauri hilo limo katika sera mpaka leo, lakini shule nyingi hazilifuati, na wazazi wenyewe ndio wa kwanza kunung'unika zikilifuata.

Hofu yao ni kwamba mtoto atachelewa kujua Kiingereza. Jambo hili lilijaribiwa Ife, katika nchi ya Nijeria. Tangu mwaka 1970 Profesa Babs Fafunwa na wenzake walifundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake maalum. Watoto hao hawakushindwa na wenzao katika masomo, wala katika Kiingereza chenyewe.

Sababu si ya kufichika. Katika Kiswahili au Kikuyu herufi hufuata sauti. Mtoto akishazijua aweza kusoma neno alilolizoea nyumbani. Katika Kiingereza maneno cough, though na through yana mkia mmoja wa herufi, nayo hutamkwa kwa namna tatu. Mtoto wa miaka sita aanzaye huko hutwishwa mizigo miwili kwa safari moja, kusoma na lugha ngeni.

Wasemao kwamba mijini makabila yamechanganyika wana haki. Huko Kiswahili chafaa, na sera yenyewe yaruhusu. Ni kweli pia kwamba mwalimu aliyepelekwa mbali na kwao aweza kukosa lugha ya wanafunzi wake. Lakini hakuna udhuru kwa desturi ya kumvika mtoto kibao shingoni kwa kuwa amesema lugha ya mama yake uwanjani. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliishutumu katika kitabu chake cha mwaka 1986, wala haijakwisha.

Tena kuna mkulima asiyejua Kiingereza. Daftari la mtoto likiandikwa kwa lugha ya nyumbani, aweza kulifungua jioni, kando ya taa, akaona mwenyewe kama hesabu ya magunia imetoka sawa.