Mnanunua taa, kompyuta ni nyongeza

KIBAO CHA MBUZI
Na Mjomba Kibao

Kariakoo kuna kompyuta inauzwa kwa taa. Nimeikuta wiki hii, nimeizunguka, nimeinyanyua, nimegombana na muuzaji wake, na hadi naandika hapa hasira haijashuka. Kasha lake lina kioo ubavuni, mbele kuna feni tatu zinazobadilika rangi kutoka zambarau hadi kijani, na juu ya kioo imebandikwa karatasi: “i7, RAM 16GB, MPYA.” Bei yake inanunua bodaboda iliyotumika na hela ya mafuta inabaki.

Mteja alikuwa mpwa wangu. Kijana anapiga video za harusi, ubarikio na kicheni pati, na kamera yake ya sasa inarekodi 4K ambayo laptopu yake inaifungua kwa shida na kuihariri kwa machozi. Maharusi wanarudi fungate, video haijatoka. Wapo waliofikia kurudishana kwao kabla hawajaiona harusi yao. Basi kadunduliza, akaamua kununua kompyuta ya mezani ya maana, na mama yake akamwambia asiende peke yake: “Mchukue mjomba wako, yule anasoma maandishi madogo.”

Msimamo wangu nauweka hapa mapema ili wenye haraka wahamie kurasa za michezo. Mtu anayenunua kompyuta kwa kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye kioo ameshaibiwa kabla hajatoa pochi, na anayemuuzia hana haja hata ya kusema uongo. Anamwachia namba mbili, mteja anajidanganya mwenyewe.

Wasomaji wa siku nyingi mnajua ugomvi wangu na vitu vinavyowaka bila sababu. Nilianza na bajaji, nikaenda kwenye majukwaa ya maharusi, na jumbe mlizonitumia bado ninazo, hata zile za matusi. Kwa hiyo nilipoingia dukani nilikuwa tayari nimenuna.

“Hii ni mnyama, mzee wangu,” kijana wa duka akaanza. “Dogo akifika nayo nyumbani, anasahau mambo ya kusubiri.”

Nikamuuliza swali moja la kawaida kabisa: hiyo RAM 16 ni kipande kimoja au viwili?

“Kimoja, mzee. 16 ni 16.”

Sasa hapo ndipo shetani wangu alipoamka. 16 si 16. Prosesa hizi za kawaida za mezani, za Intel na za AMD, zimetengenezwa kuongea na memori kwa njia mbili kwa pamoja. Ukiweka vipande viwili vya 8, kila njia inapata chake. Ukiweka kipande kimoja cha 16, umepanda daladala yenye milango miwili, kondakta kafunga mmoja na kuwaambia watu wote wapitie uliobaki: viti ni vilevile, kupanda na kushuka ndiko kunakowaumiza. Na kompyuta ile haikuwa na kadi ya picha. Picha zote zilikuwa zinategemea kile kisehemu kilichomo ndani ya prosesa, ambacho hakina memori yake, kinaazima hiyohiyo ya mlango mmoja. Adobe wenyewe, wenye Premiere Pro ambayo mpwa wangu anaihariria harusi za watu, wanapendekeza memori ya njia mbili, 16 kwa video ya HD, na 32 au zaidi kwa 4K. Kijana wa duka nilipomweleza hayo alinipa kiti. Alidhani nimechoka.

Nikahamia kwenye i7. Niliomba kuona namba kamili, akaiwasha, ikasoma i7-6700. Mpwa wangu akatabasamu, maana saba ni kubwa kuliko tano na tatu. Hii saba ndiyo imewafilisi Watanzania wengi kuliko kamari. Namba ya kutazama ni ile inayofuata baada ya kistari: 6 ndiyo kizazi, na kizazi cha sita kilitoka mwaka 2015. Mwaka 2022 Intel walitoa i3-12100, ndugu mdogo kabisa wa ukoo, mwenye viini vinne vilevile, na anamwacha huyo kaka wa 2015 mbali bila kutoa jasho. Lakini nenda kamwambie mtu anunue i3. Ataona umemtukana mbele ya wakwe.

Halafu Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane. Hii ya sita ilikuwa inaonyesha 11 kwenye kioo. Nikauliza imewezekanaje.

“Tumeilazimisha, mzee.”

Wamelazimisha! Na karatasi bado inasema MPYA. Kilichokuwa kipya pale ni kasha, taa, na labda gundi ya ile karatasi.

Mpwa wangu naye, nisimtetee sana, alikuwa ameshanivuta shati mara kadhaa: “Mjomba, unanitia aibu.” Wateja walikuwa wametuzunguka. Kijana wa duka, kwa kutaka kumaliza maneno, akatoa ahadi: “Dogo akitaka nguvu zaidi, baadaye anachomeka DDR5 humohumo, tunamwekea sisi.”

Hapo nilipandisha sauti, na sijutii. Bodi ile ilikuwa ya DDR4. Memori ya DDR4 na ya DDR5 zote zina pini 288, zina urefu uleule, ukizilaza mezani utaapa ni mapacha, lakini pengo lililokatwa chini haliko mahali pamoja, na umeme wake hauko sawa. Haiingii. Ukiilazimisha, kama wanavyolazimisha Windows, utavunja tundu. Aina ya memori inaamuliwa na bodi siku ile ile unayonunua: bodi za AMD za AM4 ni DDR4 tu, za AM5 ni DDR5 tu, na za Intel za kizazi cha 12 hadi 14 zipo za aina zote mbili ila bodi moja huchagua upande wake. Muuzaji wa memori asiyejua hili auze vitumbua. Nafuta hiyo, mama wa vitumbua wa mtaani kwetu anajua bidhaa yake mpaka chumvi.

Nikamalizia na pawa saplai. “Hiyo inakuja na kasha, mzee, ya bure.” Akanipa nyingine ya namna hiyo niishike. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba nilitazama ndani kama wamesahau kuweka kitu. Ubavuni imeandikwa wati 750. Alama ya 80 Plus hakuna, ule mpango ulioanza mwaka 2004 wa kuhakikisha angalau asilimia 80 ya umeme unaovutwa ukutani unafika kwenye kompyuta badala ya kugeuka joto. Jamani, kwa umeme wetu huu unaopanda na kushuka kwa hiari yake, unamwekea mtu kifaa cha bure ndicho kisimame kati ya ukuta na akiba yake yote? Pawa saplai mbovu haifi peke yake. Inaondoka na bodi, wakati mwingine na diski, na ndani ya diski ile kuna harusi ya mtu ambayo haitafungwa tena.

Haya, kwa nini tumefika hapa? Sababu ni video za intaneti. Vijana wanatazama mtu wa mbali anaunganisha kompyuta inayong'aa chumbani, wanaondoka na rangi, maelezo yanabaki kulekule. Mpwa wangu alikuja na ndoto ya memori yenye taa mgongoni, iandikwe 3600, siyo 3200. Nikamfanyia hesabu nyuma ya risiti. Memori ya 3200 yenye CL16 na ya 3600 yenye CL18, muda wa kusubiri jibu la kwanza ni uleule, nanosekunde 10. Ile ya 6000 yenye CL30? Nanosekunde 10. Namba kubwa inabeba mzigo mwingi zaidi kwa sekunde, sikatai, lakini haina miujiza wanayoihubiri. Tena wengi wanaonunua hiyo ya 6000 hawaitumii hata siku moja, kwa sababu ikichomekwa huanza kwa mwendo wake wa kawaida, mara nyingi 4800, mpaka mtu aingie kwenye mipangilio ya bodi akawashe XMP au EXPO. Wao wamewasha taa.

Katika maneno yote ya yule kijana, moja lilikuwa la kweli. Nilipolalamikia bei ya memori alisema: “Ni hiyo akili mnemba, mzee, imekula RAM zote.” Imekula kweli. Karibu chipu zote za memori duniani zinatoka kwa kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 zote zimegeuza uso kwa wenye mitambo mikubwa ya akili mnemba, wanaolipa vizuri na hawaombi punguzo. Desemba ile Micron walitangaza kuachana kabisa na kuuza memori za Crucial kwa watu wa kawaida kama mimi na wewe. Hata DDR4, mzee wa kazi tuliyemzoea kwa bei ya chini, amepanda, kwa kuwa viwanda vimekuwa vikimstaafisha. Nawashangaa wanaosema basi tununue chochote kilichopo. Kitu kikiwa ghali ndipo unatakiwa kukikagua zaidi. Wewe ukiuziwa mbuzi kwa bei ya ng'ombe, hutamtazama meno?

Duka la jirani walikuwa na mtego mwingine: memori ya 32 kwa bei ya kutupa. Nikaigeuza. Ilitolewa kwenye seva, DDR4 ya aina ya RDIMM, ambayo kwenye bodi ya kawaida inaingia tunduni vizuri kabisa na kompyuta inakataa kuwaka. Mwenye duka anajua. Ndiyo maana ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba mali ikishatoka haibadilishwi.

Tulimalizia kwa fundi mmoja ghorofani, mtu wa maneno machache, mezani kwake hakuna kinachomulika zaidi ya taa ya kuchomelea. Akauliza kwanza kazi, bei baadaye. Akapanga prosesa ya Ryzen 5 5600G yenye uwezo wa picha ndani yake, bodi ya AM4 ya matundu manne, vipande viwili vya memori vinavyofanana, vya 8 kila kimoja, akavikalisha tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Mawili yaliyobaki, akasema, ni ya msimu wa harusi ukichanganya, afike 32. Pawa saplai nzito yenye alama yake. Kasha la bati, jeusi, halina kioo. Mbele yangu akaingia kwenye mipangilio akawasha XMP, akafunga, akafuta vidole. Bei ilikuwa chini ya ile ya mnyama. Mpwa wangu alinuna hadi Magomeni.

Mnaotaka kuniandikia kwamba si kila mtu ana mjomba, okoeni bando. Sihitaji ujue nanosekunde. Uliza kizazi, uliza vipande vingapi, uliza bodi inakubali DDR ya ngapi, omba kuishika pawa saplai. Muuzaji akikasirika, amekujibu. Nilipokuwa natoka lile duka la kwanza, kijana alinifuata mlangoni, kwa upole kabisa, akaniambia: “Mzee, wateja hawaulizi hayo.” Nikakosa la kusema, maana nyuma yake alikuwa amesimama ushahidi.

Alikuwa bwana mmoja mwenye bahasha ya kaki na kitambulisho shingoni, kaja kuchukua kompyuta ishirini za ofisi. Zilezile. Orodha yake ilisema i7, RAM 16, na kila alipofika penye i7 alitia tiki. Hakuuliza kizazi. Hakuuliza vipande. Aliuliza kama risiti inaweza kutenganishwa.

Mpwa wangu akipigwa, kapigwa kwa jasho lake, na mwakani atakuwa mjanja. Huyu bwana hatajifunza kamwe, kwa kuwa pesa ni zetu. Mzigo utapokelewa, kamati ya ukaguzi itakaa, itawasha moja, itaona inawaka, itapiga picha ya pamoja mbele ya maboksi, na posho ya kikao itatoka siku hiyohiyo. Memori kipande kimoja, saini saba.