PEREGE WA MORO ANAMALIZWA, SERIKALI USINGIZI WA PONO

Kijana wa Moro, wewe unayeshinda Msamvu ukigombea abiria, hebu tazama sahani yako. Huyo unayeuziwa kwa jina la perege ni perege kweli, au ni sato?

Usicheke. Perege ni mwenyeji wa Ruvu, Wami na Rufiji. Sato hapa ni mgeni. Hata Ziwa Victoria, anakosifiwa, alipandikizwa miaka ya 1950 pamoja na sangara, na ngege wa asili akakaribia kutoweka.

Huku hakuja kwa miguu. Aliletwa kwa semina na fedha za wafadhili: chimbeni mabwawa, mtatajirika! Kituo cha serikali cha Kingolwira, hapo njia ya Dar, kimegawa vifaranga vya sato. Masika ikipiga, bwawa likifurika, sato huyo mtoni. Akikutana na perege wanazaliana, na kinachozaliwa si sato wala si perege.

Watafiti wa TAFIRI na wenzao wa Uingereza walipita sehemu 123 za nchi hii kati ya 2011 na 2017. Ripoti yao ya 2019 inasema sato ameenea nje ya maji yake ya asili, tena upandikizaji huo haukuwekewa kumbukumbu za kutosha. Umesikia? Samaki wamemwagwa nchi nzima bila daftari! Mlalahoi akilima ndani ya mita 60 kutoka Bwawa la Mindu, sheria ya mazingira ya 2004 inamkumba na jembe lake. Aliyemwaga sato je? Yuko ofisini, anaandaa semina nyingine.

Watakwambia sato anakua haraka. Kweli anakua. Lakini wazungu walijua siku nyingi tunachokalia. Mwaka 1960 mtaalamu Hickling alitangaza kutoka Malacca kwamba dume la perege wa Wami, aliyefika huko kupitia Zanzibar, akipandishwa kwa jike la perege wa Msumbiji, watoto hutoka madume watupu. Mfugaji anataka nini zaidi? Madume hunenepa, hayajazi bwawa vitoto. Mali hiyo ni yetu, na damu ikishachanganyika mtoni hakuna bajeti ya kuitenganisha.

Basi diwani akija na fulana na kofia zake, pokea, vaa, halafu mwulize mbele za watu: sato wa kwenye mito yetu alitolewa kibali na nani? Na kwa nini Kingolwira isizalishe perege wa hapa hapa?