Dodoso Peke Yake Halitoshi
Kuwatazama watu mahali walipo si kubahatisha, kama wanavyoandika wanaoshikilia kuwa dodoso linatosha. Anayeulizwa hujibu anavyojidhania. Miaka ya 1970, mtafiti William H. Whyte alitega kamera juu ya viwanja vya wazi vya New York. Watu walisema hutafuta mahali patulivu. Filamu zikawaonyesha wakifuata palipojaa, wakisimama kuzungumza katikati kabisa ya mkondo wa wapita njia, na wakisogeza kiti kidogo kabla ya kukikalia, hata pasipo sababu. Dodoso gani lingeulizia kiti hicho? Matokeo ya Whyte yaliingizwa katika kanuni za viwanja vya jiji hilo mwaka 1975. Ni kweli kamera haionyeshi nia. Mahojiano yana kazi yake hapo, baada ya kutazama.