Furu ikikataa kupasha moto



Juma hili tunaacha madaftari ya watoto, tunaingia jikoni. Jumamosi iliyopita, kikundi kimoja cha hapa bondeni kilikuwa na komandi ya mikate ya ndoa. Unga ulinunuliwa kwa feza ya muso, ukakandwa, ukaumuka vizuri. Wakatia mikate ndani ya furu ya umeme. Taa ya nyumba inawaka, lakini furu baridi. Nusu saa ikapita, bado baridi.

Ndipo maneno yakaanza. Nani aliitumia mwisho? Ni dada mmoja aliyeingia kikundini juzi tu. Wakasema ameiharibu, atalipa kwa akiba yake. Dada yule akalia, akafunga kitenge chake aende zake.

Sisi tuliitwa kuamua ugomvi, si kutengeneza furu. Lakini darasani tunawaambia watoto: tazama kwanza, halafu jibu. Tukatazama. Kidude cha dakika kilikuwa kwenye sifuri! Furu nyingi za namna ile hazipashi kama dakika hazijawekwa. Tukakizungusha, na baada ya muda mfupi rezistansi, zile fimbo za ndani, zikawa nyekundu. Hakuna aliyeharibu kitu.

Basi, furu yenu ikikataa, fuateni njia hii:

1. Je, umeme upo? Jaribuni taa kwenye prize ileile. Disjonkta ikiwa imeanguka, ipandisheni mara moja tu. Ikianguka tena, acheni, mwiteni fundi.

2. Angalieni vidude vyote: cha moto, cha dakika, na kile cha kuchagua moto wa juu, wa chini au yote mawili.

3. Zimeni, chomoeni, ndipo mtazame kichwa cha waya na prize. Kama kimeyeyuka, kimekuwa cheusi au kinanuka, msikitumie. Furu ya wati 2,000 inavuta umeme mwingi. Msiiweke kwenye ralonji nyembamba pamoja na pasi. Jenereta ndogo ya wati 1,000 haiiwezi.

4. Je, umeme ni dhaifu? Umeme wa mto wetu Ruzizi unatoka kwenye mitambo ya zamani: Ruzizi I ni ya mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi II ya 1989 tunaigawana na Rwanda na Burundi. Jioni kila nyumba inawasha kwa wakati mmoja, na taa zinafifia. Furu ya volti 220 ikipata 160 tu, moto wake unashuka karibu nusu. Mkate unabaki mweupe, nanyi mnadhani furu imekufa. Okeni asubuhi mapema au usiku watu wakiisha kulala.

5. Kama fimbo moja inawaka na nyingine inabaki nyeusi, huenda hiyo imekatika. Zote zikibaki baridi, inaweza kuwa termostati. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kipimo. Msifungue furu wenyewe, na msiiguse kwa mikono yenye maji wala miguu mitupu.

Na mikate isioze mkingoja fundi. Tieni mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, wekeni juu ya makala, mchanga ukipata moto ingizeni kisahani cha mkate, funikeni, na juu ya kifuniko tieni makala kidogo. Mama zetu walioka hivyo.

Jumamosi ile mikate ilitoka usiku, lakini ndoa haikukosa mkate. Kabla ya kugawana chai, mama mkubwa wa kikundi alisimama, akamwomba dada yule musamaha mbele ya wote. Dada akafungua kitenge, akashika kisu, akaanza kukata mkate. Furu inatengenezwa kwa dola chache. Mwenzetu akiisha kwenda na uchungu, hatumrudishi kwa feza.

Tukutane juma lijalo.